Kumshusha mtu mwenye ulemavu kutoka ghorofani wakati wa dharura: mwongozo kamili

King'ora kinalia, watu wanashuka, na mhasibu anayetumia kitimwendo ghorofa ya 4 anaambiwa, "Wewe kaa tu, haya ni mazoezi." Mazoezi yanaisha, watu wanahesabiwa, ripoti inaandikwa kwamba wote wametoka kwa dakika 6. Yeye bado yuko mezani kwake. Siku moto wa kweli utakapowaka, jengo zima litakuwa limeshazoea jambo moja kumhusu: huachwa.

Kosa hili linajirudia maofisini, vyuoni, hosteli na kwenye nyumba za kupanga, na mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Watu huamini tu kwamba siku ikifika "tutambeba". Ukiuliza nani atambeba, kwa mshiko gani, kwenye ngazi ipi, na funguo za geti ziko wapi, kimya.

Mwongozo huu ni kwa jengo la kawaida la ghorofa 3 hadi 10, lenye lifti inayotegemea umeme wa kawaida au jenereta. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeruka hatua ya 1 hukwama kwenye hatua ya 5.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Karatasi ya mpango, ukurasa 1 kwa kila mhusika, nakala 4: yake mwenyewe, ya kiongozi wa wasaidizi, ya mapokezi au mlinzi, na ya msimamizi wa usalama
- Futi ya fundi ya mita 5
- Tochi 1 kwa kila msaidizi, na filimbi 2
- Mikanda 2 mipana yenye kifungo imara, kama ya gari
- Glavu za kazi, jozi 4
- Blanketi zito 1 (shuka na kanga huchanika mtu akiburutwa)
- Kiti 1 cha chuma au mbao ngumu, kisicho na magurudumu. Kiti cha plastiki hakifai. Miguu yake hupasuka uzito ukiegemea upande mmoja
- Utepe wa njano wa kubandika kwenye kingo za ngazi
- Mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 na dumu 1 la maji la lita 20, kwa mazoezi
- Kofia pana na mwavuli, vihifadhiwe karibu na mahali pa kukusanyikia

Bajeti ikiruhusu, nunua kiti cha kushushia: kiti chepesi kinachokunjwa, chenye mikanda ya mpira nyuma inayoteleza juu ya kingo za ngazi huku ikijizuia. Mtu mmoja aliyefunzwa anaweza kumshusha mwenzake bila kumnyanyua. Tarehe 11 Septemba 2001, kwenye jengo la World Trade Center, New York, mfanyakazi aliyepooza alishushwa kwa kiti cha aina hii kutoka ghorofa ya 69, wenzake wakipokezana. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua hiki.

## Hatua ya 1: Kaa na mhusika mwenyewe

Usimwandikie mpango mtu ambaye hujazungumza naye. Yeye ndiye anaujua mwili wake: namna anavyohama kutoka kiti kimoja kwenda kingine, sehemu inayouma, na kinachomkata pumzi. Muulize haya, na uandike anavyojibu:

- Unaweza kushuka ngazi mwenyewe, hata kwa shida? Ngapi kabla ya kupumzika?
- Ukishikwa, ni wapi pasiguswe? (Kuna mwenye mpira wa mkojo, mwenye mifupa inayovunjika kirahisi, mwenye mgongo wa vyuma.)
- Ukiwa chooni au kwenye chumba cha sala, king'ora unakisikia?
- Ni kitu gani lazima kishuke pamoja nawe? Dawa, magongo, kifaa cha kusikia, mto wa kitimwendo?
- Unamwamini nani akushike?

Swali la mwisho lina uzito wake. Dada anayevaa baibui anaweza kukataa kushikwa mapajani na wanaume, na kukataa huko hakuishi kwa sababu moshi umeingia. Huchukua tu dakika ambazo hazipo. Malizeni leo. Labda atachagua wanawake wawili wenye nguvu, labda atakubali kiti cha kushushia, ambapo ngazini anayemshusha hushika mpini tu. Kanga ya kufunika miguu iandaliwe, na pindo zake zikunjwe chini ya mapaja zisinaswe na magurudumu.

Kuna pia wasioonekana: mwenye pumu, mwenye moyo, mwenye kifafa, mjamzito wa miezi 8, aliyevunjika mguu wiki iliyopita. Toa tangazo kwa wote, "Yeyote anayehitaji msaada wa kutoka jengoni aniambie kwa siri," na usidai cheti cha hospitali.

Umefanikiwa kama: karatasi ina njia kuu na njia ya akiba, na zote mbili amezichagua yeye.

## Hatua ya 2: Pita njia yote ukiwa na futi mkononi

Anza mezani kwake, ishia mahali pa kukusanyikia, na mwende pamoja kama anaweza. Pima na uandike.

Vitimwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70. Mlango unahitaji nafasi wazi ya angalau sentimita 80, na hiyo hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kuanzia uso wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Ukipima fremu kwa fremu utajidanganya.

Pima upana wa ngazi kati ya reli na ukuta. Hesabu vidato vya kila mkondo, yaani kipande cha ngazi kati ya kibaraza kimoja na kingine, maana namba hiyo atatajiwa asiyeona na atahesabiwa anayebebwa. Vidato vya terazo iliyong'arishwa vikilowa maji ya zimamoto huteleza. Bandika utepe wa njano kwenye kila ukingo.

Kisha tafuta mambo matatu ambayo hayakosekani kwenye majengo yetu.

Kufuli. Geti la chuma la ngazi ya nyuma limefungwa "kwa sababu ya wezi" na ufunguo uko kwa mlinzi aliyekwenda kula. Watu wakiwa ndani, njia ya dharura haifungwi kwa ufunguo. Weka komeo linalofunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Kama uongozi unakataa, liandike kwa barua.

Njia iliyogeuzwa stoo. Katoni za karatasi, meza mbovu, chupa tupu za maji ya kunywa. Mtu wa miguu huziruka. Kitimwendo husimama hapo, na wanaokuja nyuma husimama pia.

Mlango uliotegeshwa. Mlango mzito wa ngazi hujifunga wenyewe ili moshi usiingie. Watu huuegesha na mtungi wa kuzimia moto kwa ajili ya upepo. Ngazi ikijaa moshi, hakuna mpango wa kubeba mtu utakaofanya kazi. Ondoa mtungi, urudishe ukutani.

Lifti iondoe kwenye mpango. Umeme hukatwa au jenereta huzimika mtu akiwa katikati ya ghorofa, na shimo la lifti huvuta moshi kama bomba. Lifti inayofaa ni ile tu iliyojengwa kwa ajili ya uokoaji, yenye umeme wake wa akiba na kuta za kuzuia moto, na ikiendeshwa na mtu aliyefunzwa.

## Hatua ya 3: Chagua wasaidizi kwa majina

- Anayetumia kitimwendo bila kiti cha kushushia: wasaidizi 4 na akiba 2
- Mwenye kiti cha kushushia: 2 na akiba 2
- Asiyeona, kiziwi, mwenye ulemavu wa akili: 1 na akiba 1

Chagua wanaokaa ghorofa hiyohiyo na wanaoshinda ofisini. Usimpe kazi hii dereva, mlinzi wala mtoa huduma ya kwanza; king'ora kikilia wana kazi nyingine. Mwenye maumivu ya mgongo asiwekwe kwa kuona haya.

Sasa jaribu orodha yako dhidi ya saa ngumu: Ijumaa saa 7 mchana, nusu wakiwa msikitini na nusu wakiwa kwa mama lishe. Kama wote 6 wako nje, orodha haijakamilika. Changanya watu ambao ratiba zao hazifanani.

Mmoja awe kiongozi wa amri. Kwenye ngazi sauti ni moja.

Karatasi iliyojazwa inaonekana hivi:

> *Mahali:* Ghorofa ya 4, chumba cha uhasibu, upande wa bahari.
> *Hali:* Hutumia kitimwendo cha kusukuma. Hana hisia kuanzia kiunoni.
> *Njia kuu:* Kiti cha kushushia, ngazi ya mashariki, mikondo 8 ya vidato 11.
> *Njia ya akiba:* Kitimwendo chake, watu 4.
> *Pasiguswe:* Chini ya goti la kushoto.
> *Kishuke naye:* Mto wa kitimwendo, mkoba mweusi wa dawa (droo ya juu).
> *Pa kusubiri:* Kibaraza cha ngazi, ghorofa ya 4.
> *Wasaidizi:* majina 4 na namba za simu. *Akiba:* 2.

## Hatua ya 4: Hakikisha taarifa inamfikia

Kwa kiziwi, king'ora ni ukimya. Taa ya kumweka ndiyo king'ora chake, na inatakiwa kuwepo chooni, kwenye korido na kwenye chumba chochote anachoweza kuwa peke yake. Imweke mara 1 hadi 2 kwa sekunde; inayomweka haraka kupita hapo inaweza kumwangusha mwenye kifafa. Kwa anayelala hosteli, kuna vifaa vya kutetema vinavyowekwa chini ya mto na kuunganishwa na king'ora.

Bila taa hizo, mteue mtu wa kumfuata popote alipo, akague na choo. Usitegemee ujumbe wa simu pekee, maana siku ya tukio mtandao huelemewa.

Ukimfikia, mguse begani, simama mbele yake, mpe ishara mliyokubaliana, onyesha njia. Usipige kelele, mdomo uliopanuka hausomeki. Umeme ukikatika, elekeza tochi kwenye mikono na uso wako. Watu wengi humulika macho ya kiziwi, wakamnyima kitu pekee anachotumia kuelewa. Kadi ngumu yenye maneno "MOTO. TOKA SASA. NIFUATE." iwe kwenye kitambulisho cha msaidizi.

Kwa kiziwi asiyeona, mchoree X kubwa mgongoni kwa kidole. Ni alama ya dharura inayotumika katika nchi kadhaa, lakini lazima mmeifanyia mazoezi, la sivyo atashtuka tu.

## Hatua ya 5: Kushuka ngazi

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza, nani atangulie? Kama moto hauko karibu, mwache umati upite, kisha mshuke. Umati husukuma kutoka nyuma, na mtu aliyebebwa akisukumwa wote mnaporomoka. Kusubiri huku ni kwa dakika chache, kwenye kibaraza cha ngazi mlango ukiwa umefungwa, na wasaidizi wakiwa naye. Moshi ukiingia, shukeni papo hapo.

### Anayeshuka mwenyewe kwa kukaa

Wengi waliopata polio utotoni hushuka kwa makalio, kidato kwa kidato, na kasi yao ni nzuri kuliko ya wabebaji waliochoka. Usimzuie kwa sababu unaona aibu kwa niaba yake. Mpe glavu, ashuke upande wa ukutani, msaidizi mmoja akae nyuma yake kumkinga na umati, mwingine ashuke na kitimwendo.

### Anayetumia magongo

Magongo hutangulia, kisha mguu dhaifu, mwisho mguu wenye nguvu. Kama kuna reli, ashike reli kwa mkono mmoja na magongo yote kwa mwingine. Msaidizi akae kidato kimoja chini yake, ubavuni, mkono ukiwa tayari kwenye mkanda wa kiuno. Usimshike mkono ulioshika gongo. Ndiyo nguzo yake.

### Kiti cha kushushia

1. Kikunjue na ukisukume chini hadi usikie vifungo vimejifunga.
2. Kiweke ubavuni mwa kitimwendo, kwa pembe kidogo. Funga breki zote mbili za kitimwendo. Muulize, "Unahamaje?" kisha msaidie kwa njia yake.
3. Funga mkanda wa kifua, wa mapaja, na wa kichwa kama shingo haina nguvu. Tazama miguu: asiye na hisia hatajua kisigino kinapokwaruzwa na kidato.
4. Simama nyuma, sogeza hadi ukingoni, inamisha mpini mpaka mikanda ya mpira ikae juu ya kingo za vidato.
5. Sukuma taratibu. Uzito wake ndio unaobana breki, kwa hiyo mtu mzito hashuki kwa kasi kama unavyoogopa. Ukivuta nyuma kwa woga, mikanda huachia kingo na kiti huanza kudunda.
6. Kibarazani, rudisha kiti kwenye magurudumu, geuza, endelea.

Kwenye ngazi za kuzunguka zenye vidato vyembamba upande mmoja, mikanda haipati pa kukaa. Tumia njia nyingine. Kiti kikae wazi kwenye ghorofa anayokaa mhusika, karibu na mlango wa ngazi. Kikifungiwa stoo ya chini, ni sawa na kutokuwepo.

### Kitimwendo chenyewe, watu 3 hadi 4

Hii ni njia ya akiba, na ni kwa kitimwendo cha kusukuma kwa mkono tu, ambacho huwa na kilo 12 hadi 20. Cha umeme kinaweza kupita kilo 100 hata kabla mtu hajakaa. Kiache, mbali na ngazi, na umshushe mwenyewe kwa njia nyingine.

1. Vuta vishikio vya nyuma kwa nguvu. Mipira yake huchomoka, hasa mikono ikiwa na jasho. Kama inachezacheza, kamata fremu.
2. Ondoa vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kiti kisipinduke, kama vipo. Vikibaki, vitagonga kidato.
3. Mfunge mkanda nyongani. Mikono yake ikae mapajani, asidake reli.
4. Elekeza kiti mbele, kikitazama chini ya ngazi. Kiongozi yuko nyuma. Anakiinamisha nyuma mpaka kikae sawa juu ya magurudumu makubwa.
5. Msaidizi mmoja au wawili wako mbele, vidato 2 chini, wakishika fremu iliyosimama juu ya magurudumu madogo. Wasishike sehemu ya kuwekea miguu, ya kuwekea mikono, wala gurudumu. Hivyo huchomoka au huzunguka.
6. Wa mwisho yuko chini ya wale wa mbele, ameweka kiganja mgongoni mwao, anawatajia vidato, maana wanashuka kinyumenyume.
7. Kiongozi anasema "tayari… shusha." Magurudumu yote mawili yashuke kidato kimoja kwa pamoja, kisha simama. Likitangulia moja, kiti hupinda na kumrusha mtu ubavuni.
8. Pumzikeni kila kibaraza, mbadilishane.

### Kiti cha kawaida, watu 2

Mwingize kwenye kiti kigumu, mfunge kwa mkanda. Mmoja anashika mgongo wa kiti na kukiinamisha nyuma, mwingine anashika miguu ya mbele, chini kabisa. Wa mbele akikipa kiti mgongo anaona ngazi. Akimtazama anayebebwa, awe na mtu wa 3 wa kumwongoza. Nyanyueni kwa magoti, mgongo ukiwa umenyooka.

### Mikono mitupu, watu 2

Wasaidizi wanasimama pande mbili, wanashikana vifundo vya mikono chini ya mapaja yake na nyuma ya mgongo wake, naye anawakumbatia mabegani. Inafaa tu kama ngazi ina upana wa karibu mita 1.2 au zaidi, kwa kuwa watu 3 wanashuka sambamba. Kwenye ngazi nyembamba, viwiko vitakwaruza ukuta na mmoja ataachia.

### Blanketi

Ni ya sakafuni, kumfikisha mtu kwenye ngazi wakati moshi umeshuka. Mlaze juu yake, kunja pembe za kichwani, vuta kichwa kikitangulia na kikiwa kimeinuliwa kidogo.

Onyo: usimtupe mtu begani kama gunia. Tumbo na kifua hubanwa, mwenye pumzi fupi hushindwa kupumua, mpira wa mkojo huchomoka, na mgongo wenye jeraha huumia upya.

Umefanikiwa kama: mkondo mzima umeshuka bila kiti kudunda, na aliyebebwa aliweza kusema "simama" na mkasimama.

## Hatua ya 6: Asiyeona, na mwenye ualbino

King'ora kikubwa humfunika asiyeona zile sauti anazotumia kujua mlango uko wapi. Hata jengo analolijua kama kiganja chake huwa geni. Jitambulishe, mwambie kilichopo: "Kaka, ni mimi wa mapokezi. Kuna moshi upande wa jikoni. Tunatoka kwa ngazi ya mashariki. Shika kiwiko changu."

Yeye ndiye akushike, juu kidogo ya kiwiko, na atembee nusu hatua nyuma yako. Ukimshika wewe na kumsukuma mbele, unamfanya ngao. Fimbo nyeupe abaki nayo. Sema mapema: "Ngazi zinashuka, reli iko kulia, vidato 11." Kisha: "Cha mwisho." Neno "pale" halina kazi hapa.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali humsumbua. Tochi ielekee sakafuni. Akitoka kwenye ngazi yenye giza na kukutana na jua la saa 6 mchana, haoni kitu kwa muda. Msimamishe kivulini kwanza. Ile kofia pana na mwavuli ni kwa ajili yake. Kusimama saa nzima juani kwenye mahali pa kukusanyikia ni madhara kwa ngozi yake, na watu huwa hawalifikirii.

## Hatua ya 7: Mwenye ulemavu wa akili au usonji

Sentensi fupi, agizo moja kwa wakati: "Simama. Shika mkono wangu. Tunatoka." Aongozwe na mtu anayemzoea. Wengine huziba masikio na kujificha chini ya meza kwa sababu ya kelele. Vizuia kelele vya masikioni viwe kwenye droo yake. Fanyeni mazoezi ya njia kwanza bila king'ora, mara kadhaa, ndipo king'ora kiongezwe. Kwa shule, tumieni picha halisi za ngazi na mlango wenu.

Hesabu ya mwisho chini ni muhimu sana hapa. Mtu anaweza kurudi ndani kufuata mkoba wake.

## Hatua ya 8: Ikibidi kusubiri

Njia zikiziba, au wabebaji wakiwa wachache, mhusika anasubiri mahali palipopangwa. Pazuri ni kibaraza cha ngazi chenye mlango wa kuzuia moto, penye nafasi ya sentimita 90 kwa 140 isiyozuia wanaopita. Kama jengo halina, chagua chumba chenye dirisha linalotazama barabara, karibu na ngazi, na lisilo na nondo zisizofunguka.

Funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa nguo iliyolowa, tundika kitambaa cha rangi kali dirishani, piga filimbi. Msaidizi mmoja abaki naye. Mwingine, kama bado anaweza kupita, ashuke na kumfikishia kiongozi wa zimamoto taarifa kamili: "Ghorofa ya 4, ngazi ya mashariki, mtu 1 mwenye kitimwendo, msaidizi 1." Tanzania piga 114, Kenya 999 au 112. Usiseme tu "kuna mtu juu".

Tetemeko ni jambo tofauti. Bukoba walipotikiswa tarehe 10 Septemba 2016, kwa ukubwa wa 5.9, hakukuwa na onyo. Ardhi ikitikisika hakuna kushuka ngazi: funga breki za kitimwendo, inama mbele, kinga kichwa na shingo kwa mikono au mto, mpaka mtikisiko uishe. Ndipo mtoke.

## Hatua ya 9: Mkishafika chini

Kiti cha kushushia hakina magurudumu ya kujisukuma na hakifai kukaliwa muda mrefu. Mtu asiye na hisia akikaa hapo saa nzima bila mto wake anaweza kuanza kidonda cha shinikizo. Rudisheni kitimwendo chake na mto kama vilishushwa. Kama havikushushwa, mto uwekwe kwenye kiti chochote imara, na abadilishiwe mkao mara kwa mara. Hakuna anayerudi juu kufuata kitu.

Njia ya kutoka mlangoni hadi mahali pa kukusanyikia ipitike. Kokoto na mtaro usio na mfuniko husimamisha kitimwendo kilichoshinda ghorofa 4. Weka ubao juu ya mtaro, uwe pale siku zote.

## Hatua ya 10: Fanyeni zoezi, naye akiwemo

Angalau mara 2 kwa mwaka, na kila wasaidizi wanapobadilika. Anzeni na kiti kitupu. Kisha fungeni mfuko wa saruji na dumu la maji lililojaa: jumla kilo 70, uzito wa mtu mzima wa kawaida. Kisha msaidizi mwenyewe akae, ahisi kidato kinavyopigwa mgongoni. Mwisho mhusika, akiridhia. Akikataa kubebwa siku hiyo, ashiriki mpaka kwenye kibaraza na aongoze kwa sauti.

Pimeni muda wa kila mkondo wa ngazi. Mkitumia dakika 2 kwa mkondo, mikondo 8 ni dakika 16, na hapo mtajua kama wabebaji 4 wanatosha au mnahitaji zamu mbili.

Uongozi ukisema hakuna fungu, waoneshe Ibara ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Inahusu usalama wao katika majanga. Utepe wa njano, komeo na mikanda 2 havihitaji mfadhili.

Zoezi likiisha, wa kwanza kuulizwa ni aliyebebwa, kabla ya meneja. Akisema mkanda ulimkata kifuani au kiongozi alihesabu haraka, karatasi irekebishwe hapohapo, mbele yake, pamoja na nakala zote 4. Ile ya mlinzi getini ndiyo husahaulika.